Mvua hutangulia, joto hufuata: El Niño, mwani na bahari yetu

*"Assalaamu alaykum mtaalamu. Mimi nalima mwani kaskazini ya Pemba, kikundi chetu kina kina mama kumi na wanane. Redio inasema El Niño inakuja. Ilipotajwa mara ya mwisho, mwaka 2023, vuli ilitunyeshea mpaka mwani ukatuozea kichanjani. Tukasema yamepita. Ulipofika mwezi wa tatu, uliobaki baharini ukageuka mweupe, ukakatika, ukaenda na maji. Hapa kijijini wengine wanasema El Niño ni kimbunga kinachotoka Marekani, wengine wanasema bahari imetiwa dawa na mahoteli. Mume wangu anategea madema, anasema samaki wakihama kwa joto hawarudi tena. Baba mkwe ana mikarafuu, anauliza avune mapema kabla ya mvua. Na sisi tumeahidiwa mkopo wa kununua mbegu ya mwani wa kotonii na kuhamia maji makubwa yenye kina. Tuchukue au tungoje?"*

Waalaykumu salaam dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na sentensi iliyonishika ni ile ya "tukasema yamepita". Hapo ndipo hasara yenu ya pili ilipopatia nafasi. Basi nianze hapo hapo: mwaka wa El Niño, kwetu mvua hutangulia na joto hufuata. Mvua huja na vuli, Oktoba hadi Disemba, na pengine huvuka mpaka Januari. Joto la bahari huja nyuma yake, Februari hadi Aprili au Mei. Baina ya hayo mawili pana wiki kadhaa za jua zuri na bahari tulivu, na mtu aliyechoshwa na mvua hurudi kupanda kwa nguvu zote, kamba kwa kamba, bila ya kujua kwamba nusu ya pili bado iko njiani. Ninyi hamkufanya uzembe. Hamkuambiwa.

Sasa tuondoe hofu zisizo na msingi, maana zinawala watu nguvu bure.

El Niño si kimbunga, na haisafiri kuja Pemba kutoka popote. Ni hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki, katikati na upande wa mashariki karibu na ikweta, kuwa na joto kuliko kawaida yake kwa miezi mingi mfululizo. Hutokea kila baada ya miaka miwili hadi saba, na kwa kawaida hukaa miezi tisa hadi kumi na mbili. Jina ni la wavuvi wa pwani ya Peru na Ekwado. Wao ndio waliogundua kwamba baadhi ya miaka, karibu na Krismasi, maji yao ya baridi yanakuwa ya uvuguvugu na dagaa wanapotea. Wakaiita kwa Kihispania "Mtoto wa kiume", wakimkusudia mtoto Yesu. Kwa hiyo hata jina lenyewe limetoka kwa watu wa madau kama mume wako.

Vimbunga ni habari nyengine. Sisi tuko karibu mno na ikweta, na huku kimbunga hukosa mzunguko wa kukishikilia, ndiyo maana ni nadra kutufikia. Nadra, sikusema muhali. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka pwani yetu ya Tanzania upande wa Mafia. Na wazee wa Pemba wanaijua tufani ya Aprili 1872, iliyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama. Tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba zaidi kuliko ya Unguja. Kimbunga ni kitu cha siku tatu nne. El Niño ni kitu cha misimu.

Ili uelewe inavyofanya kazi, chukua bakuli la uji wa moto ulioanza kufanya utando. Uinamie, upulize taratibu kutoka ukingo wa kwako. Utaona utando unasogea, unajikusanya ukingo wa pili, na pale kwako unatokeza uji wa chini. Ukiacha kupuliza, utando unarudi kufunika bakuli zima. Bahari ya Pasifiki ndiyo bakuli hilo, ila huko utando wa juu ni maji ya moto na ya chini ni maji ya baridi. Miaka ya kawaida upepo hupuliza kutoka Amerika ya Kusini kwenda Indonesia bila kuchoka. Maji ya moto yanajazana upande wa Indonesia mpaka uso wa bahari huko huwa juu kwa takriban nusu mita kuliko wa Peru. Peru nayo hupata maji ya baridi yanayopanda kutoka chini, yamejaa rutuba, na rutuba hiyo ndiyo chakula cha dagaa. Upepo ukilegea, maji ya moto yanarudi mashariki, yanaifunika rutuba, na dagaa wanakosa chakula. Mwaka 1972 uvuvi wa dagaa wa Peru, uliokuwa mkubwa kuliko wowote duniani, ulianguka hivyo. El Niño iliwakuta wamekwisha kuvua kupita kiasi. Kiweke hicho akilini, nitakirudia kwa mume wako.

Utaniuliza: hayo ya Peru yanatuhusu nini sisi wa Bahari ya Hindi? Yanatuhusu kwa njia ya hewa. Mawingu hufuata maji ya moto. Maji ya moto yakihama kutoka Indonesia, na mawingu yanahama, na pepo za ikweta zinabadilika mpaka huku kwetu. Mara nyingi, ingawa si kila mara, upepo wa Bahari ya Hindi huanza kupuliza kutoka upande wa Sumatra, kisiwa cha Indonesia, kuja Afrika, na bakuli letu sisi nalo hufanya kama lile la uji: maji ya moto yanajazana upande wetu, Sumatra inabaki na maji baridi. Wataalamu wanaiita hali hii dipoli ya Bahari ya Hindi. Mimi nikizungumza na wakulima huiita mizani, sahani moja huku kwetu na nyengine Sumatra. Sahani yetu ikizidi joto, mawingu yanajijenga kwetu na vuli inakuwa nzito. Ikipoa, Sumatra wanapata mvua na sisi tunapata ukame.

Hii mizani ndiyo mwenye nyumba wa vuli yetu. El Niño ni mgeni anayeisukuma. Tazama historia. Mwaka 1961 Afrika Mashariki ilipata mvua za kutisha mpaka Ziwa Viktoria likapanda, na Pasifiki wala haikuwa na El Niño ya maana. Mizani peke yake ilitosha. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, na kila mtu mwenye umri wangu anakumbuka mvua zilizovuka mwaka. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa, watu wakajiandaa kwa gharika, lakini mizani haikuinama sana na mvua za Afrika Mashariki hazikufikia zile zilizoogopwa. Mwaka 2019 mizani iliinama sana bila ya El Niño ya nguvu, na mafuriko yakaja. Mwaka 2023, mwaka wako, vilikutana tena. Disemba ya mwaka huo ndipo Hanang, huko Manyara, matope yaliposhuka mlimani juu ya watu wa Katesh.

Kwa hiyo mtu akikwambia "El Niño imetangazwa, basi mafuriko hakika", mjibu kwamba uwezekano umeongezeka, hakika haijawepo. Ungoje kusikia habari ya Bahari ya Hindi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa vuli kila mwaka kabla msimu haujaanza, kwa kawaida mwezi wa Agosti, na hueleza kwa kanda: juu ya wastani, wastani, au chini ya wastani. Pemba na Unguja zimo. Huo ndio utabiri wa kupangia kazi. Ule unaozunguka kwenye simu mwezi wa nne usiutegemee, kwa sababu miezi hiyo Pasifiki huwa inageuka na hata mitambo bora kabisa huikosea. Na usichukue kanuni ya vuli ukaipeleka masika. Masika ina mambo yake, uhusiano wake na El Niño ni dhaifu, na ndiyo msimu mgumu zaidi kuutabiri.

Nataka niseme neno kuhusu wazee. Wazee wetu walihesabu miongo, siku kumi kumi tangu nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili, wakajua lini kusi itaingia, lini vuli, lini kupanda. Elimu hiyo ni ya kweli na bado inafaa, kwa sababu kusi na kaskazi hufuata jua na jua halikosi miadi. Lakini mizani hii haina miadi. Haiji kila mwaka, haiji kwa hesabu ya miongo. Mzee akishangaa kwamba vuli imekataa kwenda wakati wake, hajakosea hesabu.

Turudi kwenye joto, maana hilo ndilo lililokutia hasara ya pili.

El Niño hufikia kilele karibu na Disemba. Bahari ya Hindi haipati joto siku hiyo hiyo. Inachelewa kama sufuria kubwa, na kwa kawaida hufika kilele chake miezi mitatu hivi baadaye, yaani Machi na Aprili. Sasa jumlisha na mambo yetu wenyewe. Machi ndio mwezi wetu wa moto wa bahari hata mwaka wa kawaida: maji ya wazi hufika karibu nyuzi 29 au 30, wakati Agosti huwa 25 au 26. Kaskazi inalegea, bahari inatulia kama kioo, hakuna wimbi la kuchanganya maji ya juu na ya chini. Na bamvua za Machi, zile siku ambazo maji hujaa na kutoka kuliko kawaida, ni miongoni mwa kubwa za mwaka. Kwetu bamvua maji hutoka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa linapanda utosini. Kwa hiyo mwani wako unabakia kwenye maji ya kisigino, chini ya jua la mchana, katika mwezi wa moto, na mwaka wa El Niño. Nimewahi kusimama kwenye shamba la mwani saa sita ya bamvua ya Machi, maji yalikuwa ya moto kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nilitoa mguu bila kukusudia. Mwani hauna pa kuutoa.

Ukiuchunguza kwa karibu siku hizo utaona mambo kwa mpangilio. Kwanza ncha za vidole vyake hupoteza rangi, kahawia inakuwa njano njano. Kisha unapokea ute mwepesi mkononi. Kisha katikati ya tawi, mara nyingi karibu na pale taitai, uzi wa kuufungia kambani, ilipobana, panatokea pingili nyeupe, laini kama ukwaju ulioloweka. Hapo ndipo tawi linapokatika, na kipande kizima chenye afya kinakwenda na maji pamoja na kibovu. Wataalamu wanauita ugonjwa wa aisi-aisi. Sio kwamba kuna kijidudu kimoja kilichotoka mahali kikavamia. Mwani hudhoofishwa kwanza na joto, au na maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, au na vumbi la udongo lililoufunika, halafu bakteria ambao siku zote wamo baharini wanapata mlango.

Kuhusu dawa za mahoteli: maji machafu yanayoingia pwani ni tatizo la haki, na kama kwenu kuna mfereji unaomwaga baharini ulalamikeni kwa sheha na kwa watu wa mazingira wapime. Lakini mwani unaoza mwezi ule ule kwenye vijiji visivyo na hoteli hata moja. Mkiishika sababu hii peke yake, mtapigana na jirani mwaka mzima na Machi itawakuta hamjahamisha hata kamba.

Kotonii ndiyo inayoumia zaidi. Spinosum, ile aina nyengine tunayolima, huvumilia joto kidogo zaidi, ndiyo maana imebaki wakati kotonii imepotea mashamba mengi ya maji madogo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na kuna jambo la mbegu ambalo halisemwi vya kutosha. Mbegu zilizoanzisha kilimo cha biashara hapa Zanzibar mwaka 1989 zililetwa kutoka Ufilipino, na tangu hapo tunapanda vipande vya vipande vya mwani ule ule. Haukuzaliana upya. Shamba zima ni kama mche mmoja uliokatwa mara elfu, na kinachoushinda mmoja kinaushinda wote.

Mume wako sasa. Mwambie samaki hawahami wote, na wanaohama hawaendi moja kwa moja. Jodari wanahama kweli: mwaka 1997 na 1998 maji ya baridi yenye rutuba yalizama chini upande wetu wa Bahari ya Hindi, na meli kubwa za jodari ziliwafuata mpaka upande wa mashariki wa bahari. Hali ilipogeuka wakarudi. Samaki wa mwamba ni jambo jengine. Hao hawana pa kwenda, nyumba yao ni tumbawe, na tumbawe ndilo linaloumia.

Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani mdogo mno ndani ya mwili wake. Mwani huo ndio unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi nyuzi moja tu juu ya joto la mwezi wake wa moto, na yakabaki hivyo kwa wiki kadhaa, tumbawe humfukuza mpangaji wake na linabaki jeupe. Halijafa bado, lina njaa. Joto likishuka mapema linarudishiwa rangi yake. Likiendelea, linakufa, na baada ya miezi unaona limevaa majani kama jiwe la kisima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa 1998, tena 2016, tena 2024, kila mara miezi baada ya El Niño kufikia kilele. Huko Shelisheli, kwenye visiwa vya ndani, mwaka 1998 matumbawe hai tisa katika kumi yalipotea. Kwetu ilitofautiana mwamba kwa mwamba, kwa sababu mahali penye mkondo wa nguvu au penye kina kirefu karibu yake maji hupoa haraka.

Kinachoamua kama mwamba utarudi ni nani anayekula majani yake. Pono na tasi ndio mafundi hao. Wanakwangua, wanasafisha, na tumbawe changa linapata mahali pa kushika. Ndio hao hao wanaojaa kwenye madema. Hapa ndipo ile habari ya Peru inaporudi: joto halikuwamaliza dagaa wale peke yake, liliwakuta wamekwisha kupunguzwa. Namwomba mume wako mambo mawili. Asitumie dema la matundu madogo, na mwaka huu wa moto, kuanzia Machi mpaka mwamba utakapopata rangi, apunguze kutegea juu ya mwamba uliopauka, hata kama samaki wanaonekana wengi. Mara nyingi huonekana wengi kwa sababu wamekosa pa kujificha. Vijiji vilivyozoea kufunga mwamba kwa pweza, kama kule Kisiwa Panza, wanajua jinsi ya kukubaliana jambo kama hili bila ugomvi. Najua ninamwomba mtu mwenye watoto aache riziki iliyo mbele ya macho. Sisemi ni rahisi.

Baba mkwe asivune mapema. Karafuu changa inakuwa nyepesi, mafuta yake hayajakamilika, na akiipeleka kuuza ataipata bei ya daraja la chini. Avune inapopevuka, kikonyo kikianza kuingia wekundu na kabla halijafunguka ua. Hasara ya vuli nzito haiko mtini, iko kwenye jamvi. Karafuu inahitaji siku nne tano za jua la maana, na ikilala mbichi kwenye gunia usiku mmoja inapata ukungu na kuvunda. Pesa anazotaka kuzipoteza kwa kuvuna mapema azitie kwenye maturubai na vichanja vya kuinuliwa kutoka chini, na achume kidogo kidogo, kile ambacho familia inaweza kukichambua na kukianika siku ile ile. Na tafadhali, mtu asikwee mkarafuu uliolowa. Kila vuli tunauguza vijana walioteleza.

Ninyi pia vichanja. Mwani uliolowa mvua unapoteza chumvi na unaoza kutoka ndani, ndio ule uliouona. Kama mwelekeo wa vuli utasema juu ya wastani, vuneni kwa mafungu madogo kila bamvua, msingoje shamba zima lifikie wiki sita kwa pamoja. Mashamba yaliyo karibu na mkondo wa mto au bonde yahamisheni kwanza, maana maji matamu yakishuka na tope ndiyo huanzia hapo.

Sasa mkopo. Nitasema waziwazi ninavyofikiri, halafu mwamue wenyewe.

Kuhamia maji makubwa ni fikra sahihi. Kule maji hayafiki joto la maji ya kisigino hata siku ya bamvua, yanabadilishwa na mkondo, na kotonii inaweza kuishi mahali ilipokufa ukingoni. Bei yake pia ni nzuri kuliko ya spinosum. Lakini mwaka huu, kama El Niño itathibitika, mbegu mtakayoinunua Novemba itaingia moja kwa moja kwenye Machi ya moto kabla hamjajua mkondo wa mahali penu, kabla hamjajua kasa na tasi wa hapo wanakula kiasi gani, na rejesho la mkopo litakuwa limeanza. Ningekuwa mmoja wa kina mama kumi na wanane, nisingechukua mkopo wote sasa. Ningeomba kiasi kidogo, au nichange, tuweke kamba kumi tu maji makubwa kuanzia sasa, tuzitazame mpaka Mei. Zikipona Machi, mna ushahidi wa kumwonyesha mkopeshaji na mna mbegu yenu wenyewe iliyovumilia. Zikifa, mmepoteza kamba kumi. Upanuzi muufanye maji yanapopoa, baada ya masika, lakini mahali penye kinga, maana kusi ikikaza inavunja vyelezo na kukata nanga.

Jambo la pili katika hilo, na ninalisema kwa uzito: wangapi kati yenu wanajua kuogelea? Maji madogo mmefanya kazi miaka mingi mkisimama. Maji makubwa ni mtumbwi. Mkopo usio na fedha za kununua maboya ya kuvaa na za kulipa mtu wa mtumbwi mwenye uzoefu ni mkopo pungufu, mwambieni hivyo anayeutoa. Wala msitoke siku ambayo tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa imesomwa redioni, hata kama ndiyo siku ya bamvua.

Spinosum yenu ya maji madogo msiiache, ila ifikapo mwisho wa Januari punguzeni. Vuneni iliyokomaa, na mbegu bora mzihamishie sehemu yenye kina, kwenye mifereji ambayo haikauki, mkazishushe kidogo chini ya uso wa maji. Mnazihifadhi, hamzilimi. Itakuwa miezi miwili mitatu ya kipato kidogo, kwa hiyo pesa ya vuli isitumike yote kwenye vuli.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Mwani ukianza kuwa mweupe mapema, kabla ya Februari, au mkiona unakufa kwenu peke yenu na vijiji jirani uko salama, hilo huenda si joto, na anatakiwa mtu aje aone. Mwite afisa uvuvi wa wilaya, au mtume mtu kwa watafiti wa uvuvi na bahari, iwe ZAFIRI au Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Buyu. Mkipeleka sampuli, usiipeleke kavu. Tia matawi mawili, moja zima na moja bovu, ndani ya ndoo yenye maji ya pale pale shambani, ifunike isipigwe jua, ifike siku hiyo hiyo ikiwezekana. Mwenzenu akipata upele unaowaka au macho mekundu baada ya kutoka shambani, aende kituo cha afya, asijipake mafuta tu akangoja. Na vuli ikiwa nzito chemsheni maji ya kunywa, hasa yanayotoka kwenye visima vya karibu na vyoo. Kipindupindu hufuata mafuriko, na mtoto anayeharisha maji maji hangojwi mpaka asubuhi.

Kazi moja nakupa wewe, kwa sababu barua yako imeandikwa na mtu anayekumbuka miezi. Tafuteni kipimajoto cha maji, cha kawaida tu, mkifunge kwenye pegi katikati ya shamba, na chengine kwenye zile kamba kumi za maji makubwa. Kila bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa, mmoja wenu asome na kuandika kwenye daftari la skuli: tarehe, saa, nyuzi ngapi, mvua ilinyesha au la, na mwani ulikuwa na rangi gani. Kama mna binti anayesoma, mpeni yeye kazi hiyo. Anzeni bamvua inayokuja, bahari ikiwa bado baridi, tuwe na pa kulinganishia itakapofika Machi. Mwezi wa Mei niandikie tena na unisomee daftari hilo, ndipo tuzungumze kuhusu mkopo uliobaki.